Adui Wasioonekana: Bakteria na Virusi katika Shamba, Zizi na Nyumba

Somo kwa watu wa vijiji vya Butembo na Beni

Ninyi mnaokaa katika vijiji vya Butembo na Beni, mwajua ya kuwa shamba ndilo linalolisha machimbo. Mchimbaji wa Manguredjipa hawezi kula dhahabu. Hula ndizi, muhogo, maharagwe na sombe iliyotoka katika shamba la mtu, ikachukuliwa kichwani, kwa chukudu au kwa pikipiki mpaka chimboni. Shamba likiugua, mwenye shamba hukosa chakula, na mchimbaji hununua chakula kwa bei inayomaliza faida yake yote. Tena mtu akiugua chimboni, hurudi kijijini pamoja na ugonjwa wake. Njia ile ile iletayo fedha huweza kuleta maradhi.

Somo hili lahusu vitu viwili vidogo sana viletavyo magonjwa mengi: bakteria na virusi. Tutaeleza ni vitu gani, hupita wapi, na jinsi ya kuwazuilia njia. Shikeni neno moja tangu mwanzo: kila ugonjwa una njia yake, na mara nyingi njia hiyo ni mikono yetu wenyewe. Ajuaye njia aweza kuiziba, hata kama hana fedha ya kununua dawa.

1. UGONJWA UNA MBEGU YAKE

Mgomba ukinyauka, au mtoto akishikwa na homa, watu wengi huuliza, "Nani amefanya hivi?" Mmoja humtaja jirani mwenye wivu, mwingine husema ni sumu, mwingine ni uchawi. Swali hilo limevunja urafiki wa watu wengi, wala halijaponya mgomba hata mmoja. Swali lililo bora ni hili: "Umepita wapi?"

Usidhani ya kuwa watu wa nchi nyingine walijua mambo haya tangu zamani. Wao pia walilaumu hewa mbaya, nyota na majirani. Katika karne ya 19 Louis Pasteur wa Ufaransa na Robert Koch wa Ujerumani walionyesha ya kuwa magonjwa mengi huletwa na viumbe hai vidogo visivyoonekana kwa macho. Mwaka 1882 Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Viumbe hao ndio bakteria.

Bakteria ana mwili wa chembe moja tu. Hula, hukua, kisha hujigawa kuwa wawili. Bakteria elfu moja wakipangwa katika mstari mmoja hufika urefu wa milimita moja au mbili. Lakini udogo wao si udhaifu, kwa maana huzaana upesi mno. Aina nyingine, zikipata chakula, unyevu na joto, hujigawa kila dakika 20. Anza na bakteria mmoja ndani ya sufuria saa mbili usiku. Ikifika saa kumi alfajiri, wamekuwa zaidi ya milioni 16. Hii ndiyo sababu chakula kilicholala huweza kuumiza tumbo, hata kama hakijabadilika harufu.

Si bakteria wote walio adui. Wako wanaogandisha maziwa. Wako wanaokaa katika vifundo vya mizizi ya maharagwe, wakachukua chakula cha mmea katika hewa na kukitia katika udongo. Ndiyo maana udongo uliotoa maharagwe hufaa kwa mazao mengine.

2. VIRUSI VILIGUNDULIWA SHAMBANI

Sasa sikilizeni habari ya virusi, kwa maana ilianzia shambani, haikuanzia hospitalini. Tumbaku ya Ulaya ilipatwa na ugonjwa wa madoadoa katika majani. Mwaka 1892 Dmitri Ivanovsky wa Urusi alisaga majani yenye ugonjwa, akachuja maji yake katika chujio la udongo wa kuchomwa lenye vitundu vidogo mno, ambalo bakteria hawawezi kulipita. Maji yaliyotoka yalikuwa meupe, bila bakteria. Hata hivyo alipoyatia katika tumbaku nzima, ikaugua.

Je, ilikuwa sumu? Mwaka 1898 Martinus Beijerinck wa Uholanzi alijibu swali hilo. Alitia maji ya mmea mgonjwa katika mmea mzima. Huo ulipougua, akachukua maji yake akatia katika mwingine, na mwingine tena. Fikiri: kama ingekuwa sumu, ingepungua kila mara igawanywapo, kama chumvi kidogo itiwayo katika mtungi mmoja baada ya mwingine, mpaka ladha ikaisha. Lakini ugonjwa haukupungua. Basi kitu kile kilikuwa kikiongezeka ndani ya mmea. Akakiita virusi, neno la Kilatini la zamani ambalo maana yake ni sumu. Jina limebaki, lakini yeye mwenyewe alikuwa ameonyesha ya kuwa si sumu. Macho ya watu yaliviona virusi vya tumbaku kwa mara ya kwanza mwaka 1939, kwa chombo kikubwa cha kukuzia vitu.

Kumbuka jambo hili siku utakaposikia mtu akisema ugonjwa unaoenea nyumba kwa nyumba ni sumu iliyotiwa na fulani. Sumu humwua aliyeinywa, kisha imekwisha. Kitu kinachotoka kwa mgonjwa mmoja kikaingia kwa mwingine bila kupungua nguvu ni kijidudu.

Virusi ni vidogo sana kuliko bakteria, wala haviwezi kula au kuzaana peke yake. Lazima viingie ndani ya chembe za mmea, mnyama au mtu. Ni kama mgeni mbaya aingiaye nyumbani, akamlazimisha mwenye nyumba kumpikia yeye na watoto wake tu mpaka akiba imekwisha. Kisha watoto hao huenda kuingia katika nyumba za jirani.

Tena, si magonjwa yote yaletwayo na bakteria au virusi. Malaria huletwa na kijidudu cha aina nyingine, kichukuliwacho na mbu. Mnyauko wa kahawa, ulioharibu mashamba mengi ya robusta upande wa Beni, huletwa na kuvu. Kwa hiyo yatupasa kuchunguza kwanza, ndipo tutibu.

3. BAKTERIA WA MGOMBA

Mnyauko wa migomba ni ugonjwa wa bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia. Mwaka 2001 ulionekana Uganda, na mwaka huo huo ukaonekana Masisi katika Kivu Kaskazini. Tangu hapo umeenea sana katika mashamba ya Kivu.

Dalili zake ni hizi. Majani hugeuka manjano na kulegea kama yaliyopitiwa na moto. Ua dume, yaani lile fundo jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, hunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, nyingine zikiwa manjano na nyingine bado mbichi katika mkungu mmoja. Ukizikata, ndani utaona rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya dakika chache hutoka utomvu wa manjano. Utomvu huo umejaa bakteria.

Bakteria hawana miguu wala mabawa. Basi huendaje kutoka shamba hili mpaka lile? Njia zao ni nne.

Njia ya kwanza ni panga. Ukikata mgomba mgonjwa, kisha ukakata majani ya mgomba mzima kwa panga lile lile, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako. Ukiazima panga kwa jirani, umelipeleka na shambani kwake.

Njia ya pili ni wadudu warukao, kama nyuki. Hutua juu ya ua dume kutafuta utamu, nao huchukua bakteria katika miguu yao.

Njia ya tatu ni vichipukizi. Kichipukizi chaweza kuonekana kizima, na ndani yake kina bakteria tayari.

Njia ya nne ni mbuzi na majani. Mbuzi atafunaye mgomba mgonjwa huenda kutafuna mzima. Tena watu huona mkungu umeharibika, wakakimbilia kuutengenezea kasiksi, wakafunika vyombo kwa majani ya mgomba ule ule, wakayatupa karibu na shamba la watu wengine.

Hakuna dawa ya kunyunyiza iponyayo mgomba huu. Lakini kazi ya mikono yatosha, ikifanywa na wote. Fanyeni hivi:

Mkungu ukiisha kutoa vichana vyake vyote, vunja ua dume kwa mti wenye panda, si kwa panga. Mti wenye panda hauchukui utomvu kutoka mgomba mmoja mpaka mwingine. Nyuki akikosa ua, hana sababu ya kutua.

Baada ya kukata mgomba mmoja, choma panga katika moto mpaka liwe la moto kiasi cha kutoguswa kwa mkono, ndipo ukate mwingine. Katika palizi, kaa na moto wako pembeni mwa shamba.

Ukiona shina lenye ugonjwa, likate mara moja, chini kabisa usawa wa udongo, uliache hapo hapo likauke. Usiliburute kati ya migomba mizima, wala usilipe mbuzi.

Zamani watu waliambiwa kung'oa shina zima pamoja na wana wake wote. Kazi hiyo ilikuwa nzito mno, hasa kwa mama aliye peke yake kwa kuwa mume yuko chimboni. Wengi waliiacha, na ugonjwa ukazidi. Baadaye wataalamu walijaribu njia nyingine katika mashamba ya Kivu, wakaona ya kuwa bakteria hawafiki katika wana wote wa shina moja. Ukikata kila shina lililougua mara tu lionekanapo, ukarudi kutazama kila juma, ugonjwa hupungua sana na shamba laendelea kuzaa. Hii ni kazi ambayo mtu mmoja mwenye panga na moto aiweza.

Lakini msidanganyane: mtu mmoja afanyaye kazi hii katikati ya majirani kumi wasioifanya, anachota maji kwa kikapu. Chifu na wakubwa wa kijiji na waweke siku moja katika juma ya kutazama migomba yote.

4. VIRUSI VYA MUHOGO

Muhogo una magonjwa mawili makubwa ya virusi. La kwanza ni batobato. Majani huwa na mabaka ya manjano, hujikunja na kuwa madogo, na mmea hudumaa. Ugonjwa huu uliandikwa kwanza mwaka 1894 huko Usambara, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Katika miaka ya 1990 aina kali iliharibu sana mihogo ya Uganda, ikaleta njaa, kisha ikaenea mpaka Kongo.

La pili ni michirizi ya kahawia. Hili ni la hila kuliko lile la kwanza, kwa maana majani huweza kuonekana mazuri, nawe ukafurahi miezi mingi, hata siku ya kuvuna ukakuta viazi vya muhogo vina mabaka magumu ya kahawia ndani, havifai kwa ugali wala kwa soko. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Tanganyika katika mwaka 1936. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza ya kuwa virusi vyake vimepatikana katika mihogo ya upande wa Beni. Basi si habari ya mbali.

Njia za virusi hivi ni mbili. Moja ni inzi weupe, wadudu wadogo sana wakaao chini ya majani. Hunyonya mmea mgonjwa, kisha mzima. Nyingine ni miti ya kupanda. Inzi weupe hupeleka michirizi ya kahawia kwa mwendo mfupi tu. Anayeipeleka mbali, kutoka kijiji mpaka kijiji, ni mtu mwenye mzigo wa miti ya mihogo begani.

Kwa hiyo, usikate miti ya kupanda baada ya kuvuna bila kujua imetoka shina gani. Tembea shambani kabla ya mavuno, ukafunge kamba katika mashina yenye majani mazuri. Siku ya kuvuna, pasua kiazi cha kila shina ulilolifunga. Kikiwa cheupe ndani, chukua miti yake. Kikiwa na mabaka, teketeza miti hiyo. Katika miezi ya kwanza baada ya kupanda, ng'oa kila mche wenye batobato. Muulizeni mwalimu wa kilimo habari za mbegu zinazovumilia magonjwa haya, zinazotoka katika vituo vya INERA.

Watu huuliza, "Je, nikila muhogo wenye batobato, nitaugua?" Hapana. Virusi vya muhogo na bakteria wa mgomba hawamshiki mtu. Lakini vijidudu vya wanyama ni habari nyingine.

5. MZOGA SI BAHATI

Mwezi wa Aprili mwaka 2025, katika mto Ishasha kusini mwa Ziwa Edward, viboko wapatao 50 walikutwa wamekufa katika Hifadhi ya Virunga. Walipopimwa, ilionekana ni kimeta. Kimeta huletwa na bakteria. Mzoga ukipasuliwa, bakteria hupata hewa, hujifunika ganda gumu, na huweza kukaa katika udongo miaka mingi wakingoja mnyama mwingine au mtu.

Kwa hiyo, ng'ombe, mbuzi au mnyama wa porini aliyekutwa amekufa bila sababu kujulikana si nyama. Msimchune, msimpasue, msiwape mbwa. Mwiteni mganga wa wanyama. Azikwe chini sana au achomwe. Twajua ya kuwa nyama ni adimu na njaa ni kali. Lakini sufuria moja ya nyama hiyo yaweza kuondoa nyumba nzima.

6. MAJI YA CHIMBO NA MIKONO YA NYUMBANI

Homa ya matumbo na kipindupindu huletwa na bakteria. Njia yao ni moja: hutoka katika choo cha mgonjwa, huingia katika maji, mikono au chakula, kisha huingia katika kinywa cha mtu mwingine. Machimboni watu wengi hukaa mahali padogo, kijito kimoja huoshea mchanga, huogea na kunywea. Bakteria hawatafuti mahali pazuri kuliko hapo.

Chimbeni choo chini ya mahali pa kuchota maji, mbali na kijito, hatua zisizopungua 40. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote. Bidoni la maji ya kunywa lisiwe lile la kazi ya mchanga. Oshen­i mikono kwa sabuni, au kwa majivu kama sabuni haipo, kila mtokapo chooni na kabla ya kushika chakula. Mtu aharaye sana hufa kwa kukaukiwa maji. Mpeni mara moja maji haya: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpeni kidogo kidogo hali mkimpeleka kituo cha afya.

7. YALIYOTUPATA: EBOLA

Hakuna nyumba katika Butembo na Beni isiyokumbuka miaka ile. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa ya kuwa Ebola ipo Mangina. Ugonjwa ulidumu mpaka tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, na katika hao 2,287 walikufa. Beni, Mabalako, Katwa na Butembo ziliumia sana.

Ebola ni ugonjwa wa virusi. Njia yake ni maji ya mwili wa mgonjwa au wa maiti: damu, matapishi, choo, jasho. Hii ndiyo sababu iliwashika hasa wale waliopenda: mama aliyemuuguza mtoto, dada aliyeosha maiti, muuguzi aliyeshika mgonjwa bila kinga. Kumwosha maiti ni heshima, nayo si kosa. Lakini virusi havijui heshima. Heshima ya maiti aliyekufa kwa ugonjwa huo ni kuzikwa na watu wenye mavazi ya kinga, na jamaa wakisimama karibu, wakiomba na kulia, bila kumgusa.

Mwanzoni dalili zake zilifanana na malaria: homa, kichwa kuuma, uchovu. Basi wengi walikaa nyumbani. Wengine walisema ni hila ya watu watafutao fedha, wakakimbia. Waliokimbia hawakuuacha ugonjwa nyuma. Waliuchukua mpaka vijiji vingine.

Lakini nchi yenu pia ilitoa jibu ambalo dunia yote imelitumia. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Tangu Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, dawa nne zilijaribiwa katika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na mbili zilionekana kuokoa watu kuliko nyingine. Wagonjwa waliokuja mapema, virusi vikiwa bado vichache mwilini, wengi wao walipona. Ebola ilirudi Butembo Februari 2021 na Beni Oktoba mwaka huo huo, lakini ilizimwa ikiwa na wagonjwa wachache, kwa maana watu walikwisha kuijua njia yake. Na aliyepona asikimbiwe wala kudharauliwa. Afuate shauri la mganga juu ya vipimo vyake, na kijiji kimpokee.

8. MASHIMO YA DHAHABU NA ALMASI

Vijana wengi wa vijiji hivi huenda kuchimba mbali, hata upande wa kaskazini. Wajue habari za machimbo mawili ya huko.

La kwanza ni Durba karibu na Watsa. Tangu mwaka 1998 mpaka 2000 ugonjwa wa Marburg, ambao ni ndugu wa Ebola, uliwashika watu 154 na kuwaua 128. Wengi wao walikuwa wachimbaji wa dhahabu wa shimo la Goroumbwa. Kila mara ugonjwa ulipodhaniwa kuisha, wengine waliugua, bila kugusana na mgonjwa yeyote. Ndani ya shimo walikaa popo walao matunda, nao ndio waliokuwa na virusi. Ugonjwa ulikoma shimo lilipojaa maji.

La pili ni Zobia katika Bas-Uele. Mwaka 2005 tauni ya mapafu ilizuka katika chimbo la almasi, na wachimbaji kwa maelfu wakakimbia. Tauni huletwa na bakteria. Hukaa kwa panya, na viroboto wao humwuma mtu. Ikiingia mapafuni, huenea kwa kikohozi.

Angalieni tofauti: huko virusi vya popo, hapa bakteria wa panya. Basi msiingie katika shimo la zamani lenye popo wengi, msishike popo wala kinyesi chao. Katika kambi, wekeni chakula mahali ambapo panya hawafiki, na mkiona panya wengi wamekufa, pelekeni habari kwa mganga siku ile ile. Na mtu akiugua chimboni, asikimbie usiku kwenda nyumbani. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu. Akienda nyumbani, atawaua kwanza wale anaowapenda.

9. DAWA HAZIFANANI

Ziko dawa ziitwazo antibiotiki, kama penisilini, iliyogunduliwa mwaka 1928. Hizo huua bakteria. Mgonjwa wa tauni au wa homa ya matumbo akizipata mapema, hupona. Lakini haziui virusi hata kidogo, kwa kuwa virusi havina mwili kama wa bakteria ambao dawa ingeushambulia. Juu ya virusi vingi silaha yetu kubwa ni chanjo, ipewayo kabla ya ugonjwa.

Watu wengi hununua vidonge viwili vitatu vya antibiotiki kwa kila homa na kila kikohozi. Mambo mawili mabaya hutokea. Kwanza, kama ni virusi au malaria, fedha imepotea na mgonjwa amechelewa. Pili, kama ni bakteria, vidonge vichache huua walio dhaifu na kuacha wenye nguvu. Hao huzaana, na siku nyingine dawa haiwawezi. Ni kama kupalilia shamba nusu na kuacha mizizi ya magugu makali. Pimwa kwanza. Ukipewa dawa, imalize yote.

10. SOMO KWA UFUPI

Mnyauko wa migomba ni bakteria: choma panga, vunja ua dume kwa mti, kata shina gonjwa chini.
Batobato na michirizi ya kahawia ni virusi: chagua miti ya kupanda, ng'oa miche migonjwa.
Kimeta ni bakteria: usiguse mzoga.
Homa ya matumbo na kipindupindu ni bakteria: choo, maji ya kuchemsha, mikono safi.
Ebola na Marburg ni virusi: usiguse maji ya mwili wa mgonjwa wala maiti, epuka popo, kubali chanjo ikiletwa.
Tauni ni bakteria: zuia panya, tafuta dawa mapema.

11. MAULIZO

Mwenye kusoma awaulize wasiosoma, jioni, kando ya moto:

Beijerinck alijuaje ya kuwa ugonjwa wa tumbaku si sumu?
Kwa nini twavunja ua dume kwa mti, si kwa panga?
Muhogo wenye majani mazuri waweza kuwa mgonjwa? Utajuaje?
Mchimbaji ameshikwa na homa kali katika kambi. Rafiki zake wafanye nini?
Kwa nini vidonge viuavyo bakteria havifai kwa Ebola?
Na la mwisho, kila mtu ajijibu mwenyewe: kesho asubuhi, nikiazima panga langu kwa jirani, nitampelekea nini?